Ringi na Matairi ya Gari la Formula la Ridhaa: Mwongozo Kamili wa Kujikagua Kabla ya Mkaguzi

Wakati wa likizo vijana wawili wa hapa Tabora wanaosoma uhandisi walifika gerejini kwangu Isevya wakiwa na ringi nne ndani ya viroba na kabrasha la kanuni lililojaa alama za kalamu nyekundu. Walikuwa wanajenga gari la mazoezi kwa vipimo vya Formula Ford, ambavyo vinataka ringi ya kipenyo cha inchi 13 na upana wa inchi 5.5, lakini tepu yao ilikuwa inasoma inchi 6.5 kwa kila ringi. "Shikamoo mzee," alisema mkubwa wao, "tumeuziwa ringi siyo." Nilipofuta vumbi nyuma ya ringi moja, kando ya tundu la valvu, tulikuta muhuri unaosomeka 5½J x 13. Ringi ilikuwa sahihi kabisa. Kilichokosewa ni mahali pa kuweka tepu, kwa kuwa upana wa ringi haupimwi kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje, bali hupimwa ndani, kati ya kuta mbili ambazo mdomo wa tairi huziegemea.

Tulitumia siku tatu zilizofuata chini ya mwembe kupima kila kitu ambacho kanuni inakitaja kuhusu ringi, nati, matairi na nafasi ya magurudumu, na mwongozo huu umetokana na daftari la siku hizo. Nimeuandika kwa ajili ya wengine walio Tabora, Urambo, Kaliua au Kigoma wanaojenga au kununua gari la aina hii, kwa sababu sisi tuliopo huku tuna tatizo moja ambalo wenzetu waliozungukwa na maduka ya vipuri hawana: ukishapakia gari na kusafiri zaidi ya kilomita 800 kwenda pwani, kisha mkaguzi akakuta nati isiyofaa, huwezi kurudi nyumbani kuchukua nyingine. Kila kifungu kinachoweza kupimwa lazima kipimwe hapa, kwa vifaa tulivyonavyo.

Hatua ya 1: Jua gari lako ni la daraja gani

Gari la formula ni gari la kiti kimoja ambalo magurudumu yake yako wazi nje ya bodi. Madaraja ya ridhaa ni mengi, na kila moja lina kitabu chake cha kanuni. Formula Vee ilikubaliwa rasmi na SCCA, chama cha mbio za magari cha Marekani, mwaka 1963 na imejengwa juu ya vipuri vya Volkswagen Beetle, pamoja na ringi zake za chuma za inchi 15 zenye upana wa inchi 4 tu. Formula Ford ilianza Uingereza mwaka 1967 kwa injini ya Ford na ringi nilizokwisha kuzitaja. Ndugu yake mkubwa, Formula Ford 2000, hutumia ringi za upana wa inchi 6 mbele na 8 nyuma. Kisha kuna Formula SAE, mashindano ya wanafunzi wa vyuo yaliyoanzia Marekani mwaka 1981, ambayo yanawaachia wajenzi uhuru mkubwa wa kuchagua ringi na matairi ila yanabana sana usalama wa nati na nafasi ya magurudumu.

Wembamba wa ringi za Formula Vee huwashangaza vijana wanaopenda matairi mapana, lakini umewekwa kwa makusudi. Tairi jembamba hushika barabara kidogo, gari huanza kuteleza mapema, na hapo mwenye fedha nyingi hawezi kununua ushindi kwa kuweka tairi pana kuliko la jirani yake. Ukilielewa hilo utaelewa pia kwa nini wakaguzi wa daraja hilo hawana mzaha na milimita.

Pata kitabu cha kanuni cha mwaka unaoshindana, si cha mwaka jana wala cha nchi nyingine, kwa maana daraja lenye jina moja huweza kuagiza tairi tofauti Uingereza na Marekani. Kisha tafuta kifungu kinachoeleza namna kitabu chenyewe kinavyosomwa. Vitabu vingi vya madaraja yenye vipuri vya aina moja husema kwamba kisichoruhusiwa waziwazi kimekatazwa, ilhali kanuni za Formula SAE kwa sehemu kubwa hutaja makatazo na kukuachia mengine. Msomaji aliyezoea kitabu cha aina ya pili hufungiwa nje mapema anapohamia cha aina ya kwanza. Kila unapokuta tarakimu inayohusu gurudumu, iandike kwenye daftari, na mbele yake acha nafasi ya kipimo utakachokipata mwenyewe. Daftari hilo lenye safu mbili, kinachotakiwa na kilichopatikana, ndilo litakaloongoza kazi yote.

Hatua ya 2: Pima ringi yenyewe

Ringi ipimwe ikiwa haina tairi. Ioshe kwa maji ya sabuni, ikaushe, kisha tafuta muhuri. Katika muhuri kama 5½J x 13, tarakimu ya kwanza ni upana kwa inchi, herufi inaeleza umbo la ukingo, na 13 ni kipenyo cha sehemu ambayo mdomo wa tairi hukalia, si kipenyo cha ukingo wa nje. Muhuri ni ushahidi mzuri lakini haukutoshi, kwa kuwa zipo ringi zilizokatwa na kuunganishwa upya zikapanuliwa, na muhuri wake umebaki uleule. Tumia kalipa ndefu, yaani kipimio chenye taya mbili, au kama huna, weka vipande viwili vya mbao vilivyonyooka vikigusa kuta mbili za ndani, vifunge pamoja, kisha uvipime kwa tepu ya chuma. Vijana wangu walipofanya hivyo walipata milimita 140 kasoro kidogo, na inchi 5.5 ni milimita 139.7.

Kwa Formula SAE jambo ni jepesi: kipenyo cha ringi kisipungue milimita 203.2, yaani inchi 8, na upana ni uamuzi wako.

Kinachofuata ni mpangilio wa matundu ya nati. Ringi yenye matundu manne hupimwa kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lile linalolikabili. Ringi yenye matundu matano haina matundu yanayokabiliana, hivyo pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jirani yake, kisha zidisha kwa 1.701. Beetle za zamani zina matundu matano kwenye duara la milimita 205, kwa hiyo tundu na jirani yake huachana kwa milimita 120.5, wakati Beetle za baadaye zina matundu manne kwenye milimita 130. Sisi tuliozoea Toyota tunakutana zaidi na milimita 100 na 114.3, na nimewahi kuona mtu akilazimisha ringi ya tundu nne za 100 kuingia kwenye habu, yaani kitovu ambacho ringi hufungwa, ya 98 kwa sababu nati ya kwanza ilishika. Nati ya kwanza hushika daima. Ya tatu ndiyo inayoanza kupinda stadi, yaani kile kijiti chenye nyuzi ambacho nati hukazwa juu yake.

Tazama pia kikalio cha nati, yaani sehemu ya ringi inayobanwa na nati. Vipo vikalio vya umbo la pia iliyochongoka na vipo vya mviringo kama nusu mpira, na Volkswagen nyingi ni za aina ya pili. Nati ya pia ikikazwa kwenye kikalio cha mviringo hugusa mstari mwembamba tu, nawe utahisi mkononi kwamba imekaza barabara, lakini baada ya mizunguko michache mstari ule huliwa na nati hulegea. Ili kuhakikisha, paka kikalio wino au masizi ya kibatari, kaza nati kwa mkono, ifungue, kisha tazama alama. Alama ikiwa pete pana, vinaendana. Ikiwa uzi mwembamba, tafuta nati nyingine.

Mwisho wa hatua hii pima mwingilio, yaani umbali wa uso unaobanwa kwenye habu kutoka mstari wa katikati ya ringi. Laza ringi kifudifudi, weka rula ndefu juu ya ukingo wa nyuma, na upime kushuka hadi kwenye uso wa habu. Toa nusu ya upana wote wa ringi, na hapa ndipo upana wa ukingo kwa ukingo uliowachanganya vijana unapopata kazi yake. Ringi yao ilikuwa na milimita 165 ukingo kwa ukingo, nusu yake ni 82.5, na kipimo cha nyuma kilikuwa 100, kwa hiyo mwingilio ni 17.5. Ringi zote nne ziwe na tarakimu moja, au za mbele zilingane zenyewe na za nyuma zilingane zenyewe. Mwingilio usiolingana hubadilisha upana kati ya tairi na tairi, ambao nao una kifungu chake, kama tutakavyoona.

Hatua ya 3: Tafuta nyufa kwa mafuta ya taa na chaki

Ringi za chuma za magari haya mara nyingi ni kuukuu, na nyufa hupenda kuanzia kwenye matundu ya nati na pale diski ya katikati inapokutana na pipa, yaani duara la nje linalobeba tairi. Dawa maalumu za kupenya kwenye nyufa hazipatikani kirahisi huku, lakini njia ya zamani ya mafundi wa reli inafanya kazi vizuri. Safisha ringi hadi rangi na kutu vitoke sehemu unayoikagua, ipake mafuta ya taa, iache nusu saa, ifute iwe kavu kabisa kwa kitambaa, kisha ipake unga wa chaki nyeupe uliochanganywa na spiriti. Spiriti ikikauka, mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani ya ufa hupanda na kuchora mstari wa unyevu juu ya chaki. Ringi moja kati ya zile nne ilichora mstari wa urefu wa kidole gumba kutoka tundu la nati. Vijana waliniuliza kama naweza kuichomelea, nami nikawajibu kwamba naweza, na kwamba sitaichomelea. Joto la kuchomelea hudhoofisha chuma kando ya weldi, na mzigo unaolipata gurudumu kwenye kona si ule wa toroli.

Baada ya hapo funga ringi kwenye habu, nyanyua gari kwa jeki na stendi, funga kipande cha waya kikikaribia ukingo, kisha zungusha polepole. Ringi iliyopinda itasogea mbali na waya na kuurudia. Mimi hukubali milimita 1 na kukataa 2.

Hatua ya 4: Nati na stadi

Hiki ndicho kifungu kinachowarudisha wengi nyumbani, na kinastahili muda kuliko vingine vyote. Katika Formula SAE, gurudumu linaloshikwa na nati moja ya katikati lazima liwe na kifaa cha pili kitakachoizuia nati na gurudumu visitoke nati ikilegea, na kanuni inasema waziwazi kwamba nati ya pili iliyokazwa juu ya ya kwanza haihesabiki. Pini inayopita kwenye tundu la ekseli au klipu ya chemchemi inakubalika. Mantiki yake ni nyepesi: mtikisiko uliolegeza nati ya kwanza utailegeza na ya pili, lakini pini haizunguki.

Kwa magurudumu ya nati nyingi, bolti na stadi za kawaida ziwe za chuma au titani, zisiwe na tundu katikati. Nati za aluminiamu zinaruhusiwa kwa sharti kwamba zimepitishwa kwenye mchakato wa kuufanya uso wake uwe mgumu na ziko katika hali ya upya. Nati ya aluminiamu iliyochunika pembe haina mjadala. Kwa maoni yangu, kwa gari litakalofanyiwa kazi huku, nati za chuma ndizo za kuchukua. Tofauti ya gramu chache hailipi usumbufu wa kusubiri nyingine zije kwa basi.

Hesabu nyuzi. Nati ikazwe kwa mkono hadi mwisho, na hesabu mizunguko tangu iliposhika. Urefu wa nyuzi zilizoshikana usipungue unene wa stadi yenyewe. Stadi ya milimita 12 ambayo uzi na uzi huachana kwa milimita 1.5 kwa hiyo inahitaji mizunguko isiyopungua 8. Kama umeweka kipande cha kusogezea ringi nje, kipande hicho kimekula nyuzi, na stadi ya urefu wa kawaida haitoshi tena. Pendelea stadi inayochungulia nje ya nati, kwa maana mkaguzi hutaka kuona kwa macho bila kufungua kitu.

Usikaze nati kwa mashine ya upepo. Itumie kufungulia kama huna budi, lakini kukaza kufanywe kwa spana ya toki, ile inayobofya ikifikia mkazo uliowekwa, kwa mpangilio wa kuruka mshazari na kwa awamu mbili. Kiasi cha mkazo kitokane na kitabu cha gari au cha ringi. Nyuzi ziwe kavu isipokuwa mtengenezaji ameagiza vinginevyo, kwa kuwa grisi kwenye nyuzi hupunguza msuguano, na spana itakapobofya, stadi itakuwa imevutwa kupita kiasi ulichokusudia.

Hatua ya 5: Matairi

Hapa kwetu tairi la kipara ni tairi lililokwisha, la kwenda kukatwa makubadhi. Kwenye mbio, tairi la kipara ni bidhaa mpya kutoka kiwandani, laini, lisilo na kashata, yaani mifereji ya usoni, hata moja, kwa sababu kwenye lami kavu mpira unaogusa barabara kwa eneo kubwa zaidi ndio unaoshika zaidi. Kashata zina kazi moja tu, nayo ni kutoa maji. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza kitabu ni kama daraja lako linaruhusu kipara. Formula Ford ya Uingereza kwa miaka mingi imetumia tairi moja lenye kashata kwa jua na kwa mvua, ilhali Formula SAE inakuruhusu kipara siku kavu na inakutaka uwe na seti nyingine ya mvua.

Seti hiyo ya mvua ina masharti ambayo mafundi wa Tabora wanapaswa kuyasoma mara mbili. Kina cha kashata kisipungue milimita 2.4, na kashata ziwe zimetengenezwa au kukatwa na mwenye kiwanda au wakala wake aliyeteuliwa, tena kwa maandishi ya kuthibitisha. Sisi tunajua kuchonga kashata. Ukienda stendi ya malori utamkuta kijana mwenye kisu cha moto akichonga tairi la Fuso likaonekana jipya, na kazi yake ni safi. Lakini tairi la kipara la mbio lililochongwa kwa mkono hivyo halitapita, hata mistari iwe imenyooka kuliko ya kiwandani.

Matairi mawili ya ekseli moja yawe ya kiwanda kimoja, ukubwa mmoja na mpira wa aina moja. Neno la mwisho ndilo linalonasa watu, kwani matairi mawili yanaweza kuwa na jina moja na ukubwa mmoja huku mpira wa moja ni laini na wa jingine ni mgumu, na tofauti ipo tu kwenye namba fupi ya ubavuni. Mimi mwenyewe niliwahi kuagizia mteja matairi manne kwa muuzaji mmoja wa mbali, yakaja yamefungwa vizuri kwa plastiki, nami nikayapokea kituoni bila kufungua. Siku ya kuyavalisha tulikuta matatu yana namba moja na la nne lina yake. Muuzaji alisema yote ni "ya aina ileile". Tangu siku hiyo nafungua plastiki mbele ya aliyeyaleta na kusoma ubavu kwa tochi, moja baada ya jingine.

Ukubwa wa matairi ya mbio huandikwa tofauti na wa gari la kawaida. Tairi lenye maandishi 6.0/21.0-13 lina upana wa takribani inchi 6, kipenyo cha nje cha inchi 21 na hukaa kwenye ringi ya 13. Kipenyo cha nje hubadilika kidogo kati ya tairi na tairi, hasa kwa yale ya nyuzi za mshazari, hivyo zungushia tepu laini ya fundi cherehani kwenye mzingo wa kila moja likiwa na upepo uleule, na uoanishe yanayokaribiana zaidi yakae nyuma. Tarehe ya kutengenezwa, pale inapokuwepo, ni tarakimu nne: mbili za wiki na mbili za mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira wa mbio huzeeka hata ukiwa stoo. Usiyaweke matairi kwenye kontena linalopigwa na jua mchana kutwa, na usiyaweke karibu na mashine ya kuchomelea au mota ya umeme, kwa sababu vitu hivyo hutoa ozoni, na ozoni hupasua mpira. Yafunge kwenye mifuko myeusi mizito, yaweke chumba chenye giza.

Dawa za kupaka ili mpira ulainike au ushike zaidi zimekatazwa kwenye Formula SAE, na vivyo hivyo mablanketi ya kupashia matairi joto. Kuhusu mablanketi, sina huruma na anayelalamika. Jua la Oktoba la hapa hufanya kazi hiyo bure.

Hatua ya 6: Kuvalisha

Paka mdomo wa tairi maji ya sabuni, si oili, kwani oili huozesha mpira na huliacha tairi likizunguka ndani ya ringi gari linapofunga breki. Hakikisha mshale wa mwelekeo, kama upo, unafuata mzunguko wa kwenda mbele. Unapojaza ili midomo ikae, usivuke psi 40, na usiinamie tairi. Mdomo ukigoma, toa upepo, paka sabuni tena, zungusha tairi robo, ujaribu upya. Ile mbinu ya kumwaga petroli na kuwasha kiberiti ili tairi liruke lijikalishe naijua, na nimeona ilivyomtoa mtu nyusi. Kwenye tairi jembamba la mbio huunguza pia utando wa ndani.

Valvu ziwe mpya na ziwe na vifuniko vya chuma vyenye mpira ndani, kwa kuwa gurudumu linapozunguka kwa kasi kubwa, kijiti cha ndani ya valvu husukumwa kuelekea nje na chaweza kuachia upepo. Risasi za balansi zilizobandikwa zifunikwe kwa utepe imara.

Hatua ya 7: Upepo

Gari la formula la ridhaa ni jepesi sana, na upepo wake kwa kawaida uko chini ya psi 25. Magari mengi ya Formula SAE hutembea kati ya 10 na 14. Fundi pancha aliyezoea Hiace atakujazia 35 kwa mazoea ya mkono, na geji ya kompresa yake inayofika 150 haiwezi kutofautisha 12 na 14. Nunua geji yako inayoishia 30, na utumie hiyohiyo kila siku. Kabla ya kujaza, fungua koki ya chini ya tangi la kompresa umwage maji, kwa sababu upepo wenye unyevu hupanda bila mpangilio tairi likipata joto.

Kuna jambo moja linalotuhusu sisi wa nyanda za juu kuliko wengine. Geji haipimi upepo wote uliomo ndani, inapima tofauti kati ya ndani na nje. Tabora iko takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ya nje hukandamiza kwa kama psi 12.7, wakati Dar es Salaam ni 14.7 na Kigoma, kando ya ziwa, ni kama 13.4. Tairi lililojazwa psi 14 hapa likifika pwani na joto lilelile litasoma 12 hivi, ingawa halijavuja hata kidogo. Vijana wengi huanza kutafuta pancha. Weka upepo upya mahali pa mashindano, asubuhi, matairi yakiwa kivulini.

Joto nalo lina hesabu yake. Tairi lililowekwa psi 14 hapa Tabora kwenye nyuzi 25 za joto litafika karibu 17.6 likipanda hadi nyuzi 65, yaani nyongeza ya takribani 0.9 kwa kila nyuzi 10. Pima mara tu gari linaporudi, kabla halijapoa, uandike. Ukijua linapanda kiasi gani, utajua uanze na kiasi gani.

Hatua ya 8: Gari likiwa chini

Sasa vaa magurudumu, weka gari kwenye sakafu ya sementi iliyo sawa, usukani ukiwa umenyooka, na uazime timazi kwa fundi mwashi. Dondosha timazi kutoka katikati ya kila habu, weka alama ya chaki sakafuni, na kisha pima kati ya alama. Formula SAE inataka umbali wa mbele hadi nyuma usipungue milimita 1,525. Inataka pia upana kati ya tairi na tairi wa ekseli nyembamba usiwe chini ya asilimia 75 ya ule wa ekseli pana. Kama nyuma ni milimita 1,200, mbele kusipungue 900.

Kifungu cha Formula SAE cha magurudumu kuwa wazi ndicho kilichotuchukua muda mrefu. Ukitazama kutoka juu, nusu ya juu ya gurudumu isizibwe na kitu. Ukitazama ubavuni, lisizibwe pia. Kisha chora mistari miwili ya wima, mmoja milimita 75 mbele ya tairi na mwingine milimita 75 nyuma yake, na katika nafasi iliyo kati ya mistari hiyo, kwa upana wote wa gurudumu, bodi isiingie. Tulining'iniza timazi mbili kwenye ubao uliolazwa juu ya tairi la mbele, tukazisogeza hadi 75 kamili, na uzi wa nyuma ukaegemea pembe ya boksi la radieta kama mtu aliyechoka. Zilizidi milimita 9. Kijana mdogo alitaka kuisukuma pembe ile kwa nyundo, lakini tulikata bati na kulikunja upya, kwa sababu bati lililosukumwa hurudi.

Kipimo hiki kifanywe na tairi utakalokaguliwa nalo, likiwa na upepo wake, si na tairi dogo la kusukumia gari gerejini. Katika Formula SAE matairi yaliyo kwenye gari wakati wa ukaguzi ndiyo yanayohesabiwa kuwa matairi yako ya siku kavu, hivyo usiende ukiwa umevaa seti ya zamani ukidhani utabadilisha baadaye.

Zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili, na ukandamize chemchemi hadi mwisho, ukitazama kama tairi linagusa bomba la breki au mkono wa sasipensheni. Alama ndogo inayong'aa kwenye bomba ni dalili kwamba limeshaguswa.

Hatua ya 9: Asubuhi ya ukaguzi na baada ya mzunguko wa kwanza

Nenda na daftari, spana ya toki, geji, kalipa, nati nne za akiba, stadi mbili, na karatasi za matairi ya mvua. Mkaguzi akikuta kosa, mwombe akuonyeshe kifungu na mahali alipoweka kipimo chake, kwa adabu, kisha weka chako palepale. Mara nyingine naye ameshika ukingo wa nje wa ringi.

Gari likishatoka kwenye mizunguko ya kwanza ya mazoezi, liache ringi zipoe hadi uweze kuzishika kwa kiganja, halafu pitia nati zote kwa spana ya toki kwa mkazo uleule wa awali. Rangi iliyobaki kwenye vikalio hubanwa na kupungua, na nati zilizokuwa zimekaza asubuhi huzunguka robo nyingine kabla spana haijabofya. Kwenye gari la vijana wale nati tatu kati ya kumi na sita zilizunguka. Tukapaka kila nati mstari wa rangi nyeupe unaoendelea hadi kwenye ringi, ili atakayesimama kando ya gari aweze kuona kwa jicho kama kuna iliyosogea.